Chiriku Alipokaukwa na Sauti

Chiriku hakupewa jina hilo kwa sababu ya manyoya. Alipewa na shangazi yake akiwa na miaka minne, siku alipoongea tangu kuamka mpaka kulala bila kuweka nukta, na jina likamganda kama gundi. Shuleni walimu walimhamisha madawati mpaka madawati yakaisha. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaamka Jumatatu asubuhi, anafungua mdomo amwambie mama yake chai imechemka, kinatoka kitu kama mlango wa kabati bovu. Akajaribu tena. Kabati lile lile. Mama yake akageuka, akamtazama vizuri, akasema haya, leo nyumba itapumzika.

Sauti yenyewe aliiacha uwanjani Jumapili. Kaka yake ndiye golikipa wa timu ya mji, mji mzima unamwita Ukuta, na dakika ya mwisho alipangua penalti kwa ncha za vidole. Wengine waliruka, wengine walilia. Chiriku alipiga yowe moja refu mpaka koo likasema kwaheri ya kuonana.

Ingekuwa siku nyingine wangecheka yakaisha. Lakini Chiriku alikuwa na wiki tatu tu kazini, bado yuko kwenye majaribio, na kazi yenyewe ilikuwa ya mdomo. Alikuwa mdodosaji. Anabisha hodi mlango mmoja, anaruka minne, anabisha wa tano, anasoma maswali kwenye fomu, watu wanajibu, anaweka alama. Kazi ya kwanza maishani mwake ambayo mtu alimlipa aongee. Na ukikosa siku moja kwenye majaribio, nafasi inachukuliwa na mwingine, wako kumi wanaisubiri pale ngazini.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Mwenye ofisi alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu tu. Mwaka jana alitabiri uchaguzi wa chama cha wafanyabiashara akakosea vibaya sana, mpaka leo wauza magodoro wakimwona anapanda ngazi wanamuuliza kama mvua itanyesha. Kwa hiyo safari hii alikuwa hataki mchezo. Na safari hii jambo lilikuwa kubwa.

Halmashauri ilikuwa na fedha za kitu kimoja. Kimoja tu. Ama jukwaa jipya la uwanja, lenye paa na viti vya rangi za timu, ama matanki ya maji yenye bomba kila mtaa. Wakazi wachague wenyewe kwa kura ya siri Jumapili inayokuja. Mwalimu aliahidi redio kwamba Ijumaa mchana atatangaza nani atashinda. Kusema kweli, watu walimwona anapoteza muda. Mji ule ukimuuliza mtu hadharani, anakujibu jukwaa kabla hujamaliza swali. Ukisema maji, unaulizwa wewe ni wa timu gani. Hata Chiriku alikuwa jukwaa damu. Golikipa ni kaka yake, angekuwa nani mwingine?

Na ofisi ilikuwa na amri moja iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: fomu haitoki mkononi mwa mdodosaji. Unasoma wewe, anajibu yeye, unaandika wewe. Basi.

Jumatatu hiyo Chiriku alisimama mbele ya mlango wa kwanza, akabisha, akatoka mama mmoja na mtoto mgongoni, na kabati likalia. Mama wa watu akarudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo Chiriku alipofanya kosa lake. Alikata karatasi, akaandika: "Samahani, sauti imekauka. Soma mwenyewe, weka alama, kunja, tumbukiza kwenye mkoba. Jibu lako sitalitangaza kwa mtu." Akamkabidhi yule mama karatasi, fomu na kalamu.

Siku mbili alifanya hivyo. Milango sitini. Na kwa kuwa hakuweza kuongea, kwa mara ya kwanza maishani ikabidi aangalie. Aliwaona watu wanageukia ukuta kuweka alama, wanaikinga karatasi kwa kiganja kama wanafunzi wanaoogopa jirani atanakili. Jamaa mmoja alitoka amevaa jezi ya timu, kofia ya timu, hata ndara za timu. Akatupa jicho ndani alikokuwa anacheka na wenzake, akaweka alama upesi, akakunja fomu mara nne mpaka ikawa kama kidonge. Chiriku alishangaa, ila hakukunjua. Alikuwa amechoka, na miguu ilikuwa inamwambia mambo yake.

Jumatano asubuhi akamwaga fomu zake mezani kwa dada wa kompyuta, dada mpole mwenye miwani ambaye kazi yake ni kuingiza majibu. Dada akaanza kugonga, taka taka taka. Halafu taka zikapungua. Halafu zikakata kabisa.

"Mdogo wangu," akasema, "umefanya nini?"

Wadodosaji wengine watano, kila mmoja na fomu zake sitini, walileta jukwaa arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na tatu, kama mapacha. Chiriku alileta jukwaa kumi na saba. Maji arobaini na moja. Mbili tupu. Yeye mwenyewe alipoona ile namba kwenye skrini, alitaka kupiga yowe, na kwa bahati nzuri hakuwa na la kupiga.

Mwalimu akaja na chaki yake. Ndiyo, alistaafu lakini chaki haikustaafu, inakaa mfukoni. Akasoma, akasoma tena, akaivuta miwani mpaka puani.

"Umepika," akasema.

Ofisi ile hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Kupika ni kukaa chini ya mti na kujijazia fomu mwenyewe kwa majibu ya kichwani. Chiriku akatikisa kichwa mpaka hereni zikagonga mashavu. Akachukua karatasi akaandika kwa hasira, kalamu inatoboa: "Ningepika, ningepika jukwaa. Golikipa ni kaka yangu!"

Mwalimu akaisoma mara mbili, maana hilo lilikuwa na hesabu ndani yake. Akauliza labda umewakuta akina mama peke yao, ndio wanaobeba maji. Dada wa kompyuta akahesabu: wanaume ishirini na tisa, wanawake thelathini na mmoja. Akauliza labda umezunguka mtaa mmoja usio na bomba. Hapana, mitaa minne, ile ile ya kwenye ramani. Hapo Chiriku ikabidi aeleze, kwa maandishi, habari ya sauti na kile kikaratasi. Mwalimu akaitazama amri ukutani, kisha akamtazama yeye. Uso wa Mwalimu ulikuwa mkavu kama ubao.

Akasema vizuri, tutapiga simu. Kila fomu ilikuwa na namba ya simu chini, kwa ajili ya kuhakiki. Akachagua kumi zilizowekewa alama ya maji, akaweka spika ili wote wasikie, akauliza swali lile lile kwa sauti ya redio.

Wa kwanza: jukwaa. Wa pili: jukwaa, tena mmechelewa kuniuliza. Wa tatu alikuwa bibi mmoja, sauti imejaa mikunjo. "Jukwaa, mwanangu. Hilo nalo ni swali?" Mpaka simu ya kumi inakatwa, watu wanane kati ya kumi walikuwa wamezikana alama zao. Mwalimu akaweka simu chini taratibu kama mtu anayefunika marehemu.

Lakini Chiriku alikuwa hasikilizi majibu. Ukinyang'anywa mdomo, masikio yanachukua kazi mbili. Nyuma ya wa kwanza alisikia vijana wanabishana habari za penalti. Nyuma ya wa pili, mashine ya kunyolea na vicheko vya kinyozi. Nyuma ya bibi, mwanamume anauliza nani huyo, wanataka nini. Kati ya wale wanane hakuna hata mmoja aliyekuwa peke yake. Akaandika: "Hawakukujibu wewe, Mwalimu. Wamewajibu waliokaa nao."

Mwalimu akasoma. Akasema hiyo ni nadharia nzuri ya mtu aliyekamatwa. Kama ni kweli, twende sasa hivi kwa mmoja wao, yeyote unayeijua nyumba yake, umshikie fomu yake mbele ya uso, umuulize hii alama ni yako au si yako. Akikubali, kazi unayo. Dakika kumi tu.

Hapo ndipo Chiriku aliponaswa kweli kweli. Maana yule jamaa wa jezi, mwenye fomu ya kidonge, alikuwa mmoja wao, na Chiriku alijua nyumba. Alijua mlango, alijua mpaka ndara. Dakika kumi angekuwa amesafishwa. Na yule jamaa? Angeumbuka mbele ya wenzake, mtaa mzima ungemuuliza ni wa timu gani. Chiriku akakitazama kile kikaratasi chake, kilichokuwa kimechakaa kwa kupita mikono sitini. Akakisukuma mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Sitalitangaza kwa mtu.

"Basi vua kitambulisho," Mwalimu akasema.

Akakivua. Kamba ilinasa kwenye hereni, dada wa kompyuta akamsaidia kuitoa, macho yake hayakutazama juu. Chiriku akakiweka juu ya fomu. Aligeuka kuondoka, akafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, halafu kitu kikamrudisha. Akachukua ile chaki Mwalimu aliyoiweka mezani, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuthubutu kwa miaka thelathini, akaandika kwenye ubao wa ofisi: MTAA MMOJA. MILANGO 40. UPANDE HUU ULIZA KWA MDOMO. UPANDE HUU BOKSI. MIMI SIGUSI KITU.

Mwalimu alisimama anautazama ubao. Unajua, mwalimu wa hesabu hata ukimkasirisha vipi, ukimwachia swali ubaoni hawezi kutoka chumbani. Midomo ikaanza kumcheza. Akasema mtaa nachagua mimi. Akasema boksi lifungwe na gundi na nisaini juu. Akasema usituambie neno njiani, kisha akakumbuka anaongea na nani.

Wauza magodoro waliacha kazi kuwatazama wakishuka. Mbele Mwalimu na koti lake. Nyuma yake dada wa kompyuta amekumbatia boksi la viatu lililofungwa gundi, limetobolewa mdomo juu kama mtoto mwenye njaa. Nyuma kabisa Chiriku, mikono mgongoni kama mtuhumiwa. Wakaulizwa kama wanaenda kuzika kiatu. Mwalimu hata hakugeuka.

Upande wa kulia Mwalimu alibisha mlango kwa mlango, akauliza kwa mdomo, akaandika. Majibu yalikuja moto moto, jukwaa, jukwaa, mzee mmoja hata alianza kumwimbia wimbo wa timu. Upande wa kushoto dada alitoa kikaratasi kitupu, bila jina, bila namba ya simu, bila chochote, akageuka kutazama barabara mpaka aliposikia kimedondoka ndani. Milango ishirini kulia, ishirini kushoto, nyumba zile zile, vumbi lile lile, madumu yale yale ya maji yamepangwa mlangoni. Chiriku alikuwa anahesabu midondoko. Tap. Tap. Kila mmoja ulimpiga kifuani.

Wakarudi. Mwalimu akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akaandika kwanza matokeo ya mdomo: jukwaa kumi na tano, maji matano. Kisha akachana gundi kwa wembe. Dada akafungua karatasi moja moja, Mwalimu akachora vijiti ubaoni.

Maji. Maji. Jukwaa. Maji.

Chaki ikawa inakwenda haraka kuliko karatasi. Walipofika ya kumi na mbili Mwalimu alivua koti. Walipofika ya kumi na saba dada alikuwa amesimama juu ya kiti, hajui alipandaje. Karatasi ya ishirini ikafunguliwa. Maji kumi na manne. Jukwaa sita.

Mwalimu akahesabu upya. Akahesabu kutoka chini kwenda juu. Akageuka, mikono imejaa unga wa chaki, na uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka kumi na minane.

"Siri ya mtungi muulize kata," akasema. "Na mimi mjinga nilikuwa namuuliza mtungi, tena mbele za watu." Kisha akapiga meza. Kura ya Jumapili ni ya boksi, si ya mdomo! Sasa kwa nini tunapima kwa mdomo kitu kitakachoamuliwa na boksi? Mwaka jana wafanyabiashara nao waliulizwa mbele ya mwenyekiti wao, na yeye Mwalimu akashangaa alikosea wapi. Akakichukua kitambulisho mezani, akamvisha Chiriku mwenyewe, kamba ikanasa tena kwenye hereni ile ile.

Alhamisi ikawa vita. Duka la viatu la mtaani lilitoa maboksi, wadodosaji wakatembea wawili wawili ili mmoja asipate upenyo wa kupika, mlango wa tano kwa mlango wa tano, mji mzima. Wengine walipita asubuhi, wengine jioni watu wakirudi makazini, maana Mwalimu alisema ukipita mchana tu utapata maoni ya walioko nyumbani na mbwa. Karatasi mia tatu na sitini. Jioni zikafunguliwa. Maji mia mbili ishirini na saba, jukwaa mia moja ishirini na sita, saba zimeharibika, na mojawapo imeandikwa kwamba kocha aondoke.

Ijumaa Mwalimu akatangaza redioni: maji, asilimia sitini na tatu. Mtangazaji alicheka hewani. Mchana huo huo mashabiki walijaa chini ya ofisi wakiimba, wanauliza Mwalimu ameota nini tena, na wauza magodoro wakawakaribisha wakae. Nyumbani Ukuta aliingia, akamtazama dada yake, akasema timu imesikia kwamba ni yeye aliyeanzisha. Akachukua chakula chake akaenda kula chumbani. Mama yao alikuwa anahamisha maji kutoka dumu moja kwenda jingine, anainama, anashika kiuno, anainuka.

Jumamosi Chiriku hakulala vizuri, alfajiri alikuwa macho. Je, kama watu walitania boksi? Je, kama waliogopa redio wakageuka? Mwalimu akikosea mara ya pili hakuna ofisi, na bila ofisi hakuna mdodosaji, na mtu wa kwanza kunyooshewa kidole atakuwa nani?

Jumapili foleni ya kura ilizunguka shule mara mbili. Chiriku alisimama katikati. Nyuma yake kulikuwa na kundi la vijana wa jezi, na mmoja akamgusa bega. "Dada yake Ukuta, leo kura unaitupa wapi?"

Akafungua mdomo, na siku hiyo, saa hiyo, baada ya wiki nzima ya kabati, sauti ikatoka nzima, safi, kama kengele.

"Jukwaa."

Vijana wakashangilia. Chiriku alibaki ameduwaa. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Tangu Ijumaa alikuwa anafikiria kiuno cha mama yake. Sauti imerudi, na kazi ya kwanza iliyofanya ni hiyo. Alicheka peke yake mpaka alipofika kwenye kile kibanda cha pazia, na humo ndani akageukia ukuta, akaikinga karatasi kwa kiganja.

Matokeo yalibandikwa saa kumi na moja jioni. Mwalimu alikuwa mbele kabisa ya umati, amevaa tai. Maji, asilimia sitini na moja. Jukwaa, thelathini na tisa. Watu wakatazamana, kila mmoja anamtafuta msaliti na hakuna anayejitokeza, maana zaidi ya nusu yao walikuwa ndio wao. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wengine, na yule jamaa wa ndara za timu alikuwa anacheka kuliko wote, machozi yanamtoka. Mwalimu alikuwa anamshika mkono kila anayepita na kumwambia amekosea kwa mbili tu, mbili tu, mpaka wauza magodoro wakamtafutia kiti.

Chiriku alirudi nyumbani anakimbia. Alimkuta Ukuta uani, anamimina dumu kwenye pipa. Dumu la sita la siku hiyo. Ukuta akasema, bila kumtazama, hiyo mikono watu wanayoishangilia, wanadhani imepata nguvu kwenye mazoezi. Na Chiriku, ambaye sasa alikuwa na sauti yote ya dunia, hakumuuliza. Akashika upande wa pili wa dumu.

Jumatatu alipewa mkataba, na wadodosaji wapya wanne wa kuwafundisha. Amri ya ukutani ilikuwa imebanduliwa. Boksi la viatu la kwanza, lenye saini ya Mwalimu, lilikuwa juu ya kabati. Dada wa kompyuta akaweka miwani sawa, akasogea, akamnong'oneza: sasa tuambie bwana, wewe jana ulitupa wapi? Hata Mwalimu akaacha kuandika.

Chiriku akachana kipande cha karatasi. Akageukia ukuta, akaandika, akakunja mara nne mpaka ikawa kama kidonge, akaidondosha kwenye boksi. Tap. Kisha akachukua fomu zake akashuka ngazi, anaongea tangu ngazi ya kwanza.